Sista na Sindano ya Idi

Kuna mwanamke aliyepoteza kazi yake kwa sindano niliyoichoma mimi, na kwa miaka mitatu sikufungua mdomo. Pale Malaz, Riyadh, sote tulimwita Sista. Jina lake nililijua, maana nililiona mara nyingi kwenye kadi aliyoivaa kifuani, lakini sikuwahi kulitumia na sitaanza leo. Alikuwa nesi. Yeye alikaa ghorofa ya pili, sisi ya tatu, na ukimsikia akipanda ngazi ungedhani ni mtu anayekuja kugombana. Mara nyingi ndivyo ilivyokuwa.

Mimi nilitoka Voi kwenda kufanya kazi ya nyumbani. Mkataba ulisema kupika na kusafisha. Nilipofika nikamkuta Hajja, mama yake bosi, mzee wa kutembelea fimbo, na kando ya kitanda chake mfuko wa plastiki uliojaa dawa. Madam, mke wa bosi, akanionyesha mfuko, akanionyesha Hajja, akasema yalla, kisha akaenda kazini. Hayo ndiyo mafunzo niliyopata. Wiki za kwanza nilimpa dawa kwa rangi: nyeupe asubuhi, pinki mchana, ile ndogo ya njano jioni. Nikijiona hodari.

Siku moja nilikuwa namshusha Hajja ngazi polepole, Sista anapanda. Hakusalimia. Aliinama akabonyeza mguu wa Hajja kwa kidole gumba, akakiondoa, na shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa.

"Nani anampa dawa?" akauliza. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, ingawa Riyadh alikuwa ameishi kuliko mahali pengine popote.

"Mimi."

"Umesomea wapi?"

"Sijasomea, Sista."

"Basi kalete huo mfuko."

Aliumwaga pale pale kwenye ngazi, akaketi, akatoa miwani. Kila boksi aliligeuza akasoma maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa. Halafu akaweka maboksi mawili kando, moja la buluu lililotoka hospitali ya serikali, na moja jekundu ambalo bosi alilinunua duka la dawa. Majina mbalimbali, rangi mbalimbali, na ndani yake dawa ile ile ya presha. Hajja alikuwa akimeza dozi mara mbili tangu kabla sijafika, ndiyo maana miguu imevimba na kila akisimama anapepesuka.

"Jina kubwa ni la muuzaji," Sista akaniambia. "Dawa yenyewe ni hili dogo. Weye soma dogo."

Akampigia bosi simu kutoka pale ngazini. Alizungumza naye kwa Kiarabu kama anayemgombeza mtoto aliyevunja sahani, na bosi, mtu mzima mwenye ndevu na cheo, akawa anajibu ndiyo, ndiyo. Baada ya majuma mawili miguu ya Hajja ilikuwa imepungua hadi viatu vyake vya zamani vikamwingia. Tangu siku hiyo jikoni kwetu Sista aliingia bila kubisha.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha, nayo haikuwa ya upole. Alinifanya nimuulize Hajja jina lake kila nikimpelekea dawa. Hajja alikasirika sana. Mimi naishi naye, namwogesha, namsuka nywele, halafu kila asubuhi nasimama mbele yake na kikombe cha maji nikiuliza, "Hajja, jina lako nani?" Siku ya kwanza alinijibu kwamba yeye ni mfalme wa Misri. Siku ya pili alimwita bosi aje aone nimerukwa na akili. Sista hakutikisika. Alisema wodini kwake, kule hospitali kubwa, hata mama yake mzazi angeulizwa jina, kwa sababu mikono huzoea, na mikono ikizoea macho hulala. Mwisho Hajja akageuza kuwa mchezo. Kila siku alijipa jina jipya, na mimi nilimpa dawa baada ya kupata lile la kweli.

Kitu kingine ni saa. Sista hakuweza kusikia habari yoyote bila kuuliza saa ngapi. Umeanguka? Saa ngapi. Umegombana na madam? Saa ngapi. Siku niliyopata habari kwamba mjomba wangu amefariki nyumbani, nilimwambia huku nalia, naye akauliza, "Saa ngapi?" Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja, akanivuta kifuani, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Ugonjwa huo." Alininunulia daftari ili niandike kila dawa, kiasi na saa, na jioni alikuwa akilikagua kama mwalimu mkuu. Neno "kidogo" lilimtia wazimu. Ukimwambia umempa mgonjwa dawa kidogo, atakuuliza kidogo ni yuniti ngapi, ni miligramu ngapi, na kama hujui basi usiseme umempa.

Ijumaa zangu za mapumziko nilikwenda Shumaisi, mtaa mwingine wa Riyadh, ambako wasichana wa kwetu walikodi chumba cha kukutania. Tulipika ugali, tukasukana, tukabadilishana habari za makafili, yaani waajiri wetu. Tulibadilishana na dawa pia, na hilo sikuliona kuwa jambo, kwa sababu hospitali ilikuwa mbali na ruhusa ngumu. Mwenye jino, mwenye mgongo, mwenye kukosa usingizi, kila mtu alitoa alichonacho pochini. Ijumaa moja Sista alinisindikiza kwa sababu alitamani sukuma wiki. Alifika wakati msichana mmoja wa Kitale amekwisha kumeza rangi mbili, ile antibiotiki ya vidonge, aliyopewa na mwenzake kwa ajili ya koo. Midomo ilianza kumvimba mbele ya macho yetu. Tulidhani amekula pilipili.

Sista hakumgombeza mtu. Aliita gari la wagonjwa, akamketisha yule msichana wima, akamshika mkono na kuhesabu mapigo, na huku anamuuliza mwenzake kwa sauti ya chini kabisa, "Umempa ngapi? Saa ngapi? Kashawahi kuinywa kabla?" Mwenzake alikuwa analia, hataki kusema, anaogopa polisi. Sista akamwambia, "Skiza. Mtu akikosea akasema, mie sina ugomvi naye. Akikosea akanyamaza, huyo ndiye ananitisha." Yule akasema. Msichana alipona. Maneno yale yakanikaa, na mtaona wenyewe nilivyoyatendea kazi.

Nisimfanye malaika. Sista alikuwa na roho ya haraka na ulimi wa kuchoma, na wasichana wengine pale Shumaisi walisema heri ugonjwa kuliko yeye. Isitoshe, yote aliyotukataza aliyafanya. Alimkemea dada yake Hajja kwa kumletea chai ya uwatu, akisema uwatu unashusha sukari, na Hajja ana kisukari na tayari anashushwa kwa sindano ya insulini, kwa hiyo anavutwa chini mara mbili. Lakini ukishuka kwake ghorofa ya pili utakuta birika la uwatu jikoni, na habasoda kwenye kopo, na vidonge vyake vya presha vimefungwa kwenye kipande cha tishu ndani ya mkoba, pamoja na peremende na ufunguo. Nilimuuliza vile vidonge ni vya asubuhi au vya jioni. Akasema, "Nikivikumbuka ndiyo saa yake." Nilicheka hadi akanifukuza.

Nadhani kujichunga mwenyewe kulimshinda kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumkagua. Mume hakuwa naye tena, watoto hakuwa nao. Alikuwa na zahanati moja ya binafsi pale Malaz, alikofanya kazi nusu siku baada ya kustaafu hospitali kubwa, na aliipenda kupita kiasi. Siku za mapumziko alipita mbele yake kuangalia kama wamefungua. Nayasema haya ili ieleweke nilimkosesha nini.

Sasa niseme la sindano.

Hajja alichomwa insulini ya kutwa nzima, mara moja kwa siku, saa moja asubuhi, yuniti ishirini na nne. Ramadhani ilipokaribia daktari alimkataza kufunga, naye akamwambia daktari amekuwa akifunga tangu kabla mama yake daktari hajazaliwa. Basi daktari akashusha kiasi na kuhamisha saa: yuniti kumi na nane, magharibi, baada ya kufuturu. Aliandika kwenye karatasi. Sista alinifafanulia karatasi ile mara tatu, akasimama nyuma yangu siku mbili za kwanza nikichoma, akasema vizuri. Mwezi mzima ulipita bila tatizo. Mimi si Mwislamu, lakini nilianza kuipenda ile Ramadhani, kwa jinsi nilivyoiandika vizuri daftarini.

Siku ya ishirini na tisa nilimchoma Hajja zile kumi na nane baada ya futari. Muda si mrefu ikatangazwa kuwa mwezi umeandama. Nyumba ikalipuka kwa simu na pongezi, nguo za watoto zikaanza kupigwa pasi. Madam akapita jikoni akasema, "Ramadhani halas, imekwisha. Kesho kila kitu kama zamani." Alikuwa anasema habari ya chakula. Mimi nikaweka na sindano humo humo. Saa moja asubuhi, siku ya Idi, nikamuuliza Hajja jina lake, akasema yeye ni bibi harusi, nikamchoma yuniti ishirini na nne. Dawa ya jana ilikuwa bado inafanya kazi mwilini, imefika kama nusu tu ya safari yake.

Hajja alikula tende mbili na kahawa tu kwa sababu anawangoja wageni. Kufika saa nne alikuwa amelowa jasho kwenye gauni lake jipya, anamwita bosi kwa jina la marehemu mumewe. Halafu akanyamaza, macho wazi. Madam alikimbilia glasi ya juisi. Niliteremka ngazi nikipiga kelele, na Sista akapanda peku, akampokonya madam ile glasi. "Hamezi huyu, mtamzamisha," akasema. Akamlaza ubavu, bosi akaita gari la wagonjwa, tukaenda.

Hospitalini walimwekea dripu ya sukari na Hajja akazinduka, akauliza wageni wamekula nini. Daktari kijana alimuuliza bosi kilichotokea. Bosi akasema mzee hakula vizuri, basi. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaonekana kuridhika, akasema baada ya saa mbili anaweza kurudi nyumbani kusherehekea.

Sista akaninong'oneza kwa nyuma. "Jana ulichoma saa ngapi?"

"Magharibi. Kumi na nane."

"Na leo?"

"Saa moja. Ishirini na nne."

Alifumba macho. Nilielewa pale pale, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuelewa. Hajja akirudishwa nyumbani, sukari itashuka tena alasiri, na safari hii huenda asirudi. Ilibidi mtu aseme. Nilikuwa nawaza pasipoti yangu iliyo kwenye kabati la bosi, nawaza jela, nawaza mama yangu akipokea simu Voi. Naliandika kama lilivyokuwa: Hajja alikuwa anaweza kufa na mimi nilikuwa nawaza pasipoti.

Sista akanipita. Akamweleza daktari kwa Kiarabu, taratibu, jana kiasi gani na saa ngapi, leo kiasi gani na saa ngapi. Daktari akaacha kuandika. "Nani amemchoma?"

"Ana," akasema Sista. Mimi.

Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, lakini neno hilo nililijua. Bosi aligeuka akamtazama, na mimi nikatazama sakafu. Hajja alilazwa siku mbili na akapona. Kabla wiki haijaisha bosi alikuwa amempigia mwenye zahanati, na mwenye zahanati akamwambia Sista halas.

Nilimwona ngazini akiwa na viatu vyake vya kazi ndani ya mfuko. Nilimuuliza kwa nini alisema ni yeye. Alijibu bila kunitazama, kwa hasira.

"Dozi nimeisema kweli. Saa nimeisema kweli. Nilichodanganya ni mkono wa nani tu. Na kwani ni uongo? N'likufundisha kuingia Ramadhani, sikukufundisha kutoka. Miaka yote ile wodini, na jambo lenyewe nimelisahau." Akashuka ngazi mbili, akasimama. "Mie wamenifukuza tu. Weye wangekufunga. Nenda kampikie Hajja uji."

Mwezi uliofuata alihamia Jeddah kwa mdogo wake. Mimi nilibaki Malaz Ramadhani mbili zaidi, na kila ilipoisha nilijua la kufanya. Nilichoma magharibi ya Idi, kisha nikairudisha saa nyuma polepole kwa siku kadhaa, kama alivyoagiza daktari nilipompigia mwenyewe. Bosi alinisifu. Alisema tangu yule nesi aondoke mambo yamekaa sawa. Nilisema asante, baba.

Baadaye nilipata kafili mwingine, familia ya Jeddah. Ramadhani hii, zilipofika siku za mwisho, wenye nyumba walikwenda Makka kwa umra wakaniachia nyumba na funguo. Siku ya ishirini na tisa nikajikaza, nikapanda basi hadi mtaa wa Kandara. Sista anakaa huko kwa mdogo wake, juu ya duka linalouza masanduku, yale makubwa ambayo watu wa kwetu hununua wakirudi nyumbani kabisa. Nilimkuta amekonda. Mkono wa kulia unatetemeka, na aliuweka chini ya mto nisiuone.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilimwambia nitampigia bosi na mwenye zahanati, nitasema ukweli wote, jina lake lisafike. Nililia kidogo, nadhani nilitegemea naye atalia.

"Jina langu lipo tu hapo, halina haraka," akasema. "Unajua waliandika nini kwenye faili? Nesi kakosea. Basi, wakafunga. Nesi kafukuzwa, hapana wa kumuuliza zaidi. Ningesema kachoma mtumishi wa ndani, asiyesomea, kaachiwa mfuko na karatasi isiyosema lolote juu ya Idi, labda angetokea mtu mmoja akauliza wangapi wako hivyo. Nilikuokoa weye, na ile karatasi ikabaki vilevile. Nalala nikiiwaza."

"Lakini Hajja yu mzima, Sista."

"Anachomwa na nani sasa?"

Nikamwambia. Kuna msichana anaitwa Kemunto, kutoka Kisii, alikuja nilipoondoka. Hii ndiyo Ramadhani yake ya kwanza pale. Nilikaa naye wiki nzima nikimwelekeza: jina dogo kwenye boksi, daftari, kuuliza jina.

"Na Idi? Ulimwelekeza?"

Nilimwelekeza kila kitu isipokuwa hicho, kwa sababu nisingeweza kukifundisha bila kuulizwa nimekijuaje. Sista alinitazama. Nimekwisha kugombezwa na mwanamke huyu mara nyingi, lakini hakuwahi kunitazama vile.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

"Saa kumi na robo."

"Mwezi unatazamwa jioni hii. Piga."

Nilipiga palepale, nikaweka sauti ya wazi. Kemunto alipokea akiwa jikoni, nasikia mafuta yanavyochemka.

"Sasa dada. Ongea haraka, niko na sambusa kwa moto."

"Kemunto, leo mwezi ukionekana, kesho asubuhi usimchome Hajja. Ngoja jioni. Na umpigie daktari akupangie siku zinazofuata."

"Aii, hapana. Madam ameshaniambia, kesho tunarudi asubuhi kama kawaida. Hata ameniwekea alarm."

"Usimchome."

"Na nikikataa nimwambie nini? Eti kuna dada wa Jeddah amesema? Madam atanifukuza. Wewe umejulia wapi hiyo?"

Nilimtazama Sista. Aliutoa mkono wake chini ya mto, akaushika wangu. Nikamwambia Kemunto kuhusu ile asubuhi. Nilimwambia saa, nilimwambia yuniti, nilimwambia mkono ulikuwa wa nani na nani alibeba lawama. Nikamwambia ampe madam jina langu na namba yangu, ampe sasa hivi kabla ya futari, na bosi akitaka kunipigia nitapokea.

Kisha nikasikia jiko likizimwa.

"Rudia polepole, dada," akasema Kemunto. "Ngoja nichukue kalamu."